Shibiri Moja

Fundi Chaurembo amechora mstari wa chaki
sakafuni kwake, Mtoni kwa Azizi Ali,
akasimamisha juu yake gurudumu la ishirini na sita,
akalisukuma polepole mpaka pini ya upepo ikarudi chini.
Akachora. Kisha la ishirini na tisa,
ambalo bado lina harufu ya boksi.
Akachora tena. Kati ya chaki na chaki
akatandaza kiganja, gumba mpaka kidole cha mwisho.
"Shibiri moja, Mama Siku. Ndiyo tofauti yote
unayonipigia simu tangu mfungo uanze."

Shibiri moja si kitu, nikakubali.
Lakini mimi ni karani wa ghala, Kurasini,
nimeona visivyo kitu vikigeuka hasara:
robo kilo kila gunia, ukifika gunia la mia nane
kuna mtu analia.
Hadi Utete kwa mwanangu ni kilomita mia mbili na ushee.
Nikatoa kikokotoo. Gurudumu dogo
litazunguka mara elfu kumi zaidi ya kubwa.
Magoti yangu yakasikia hiyo hesabu kabla ya masikio.

"Hizo ni hesabu za gurudumu," akasema, akipuliza vumbi la gia,
"mguu una hesabu zake. Hebu panda."
Nikaipanda fremu ndefu ya ishirini na tisa.
Vidole vya miguu vikaitafuta sakafu
kama mtoto anayechungulia juu ya kaunta ya duka.
Kijana wake, Hizza, akageukia ukutani,
mabega yakimtetemeka.

Hata hivyo nalitaka.
Naijua barabara ya Kilwa, naijua Kongowe alfajiri,
malori ya mchanga, bega la lami lililomeguka.
Gurudumu kubwa hupita juu ya mashimo
kama mwenye haraka anavyopita baraza la wambea.
Dogo huingia kila shimo kusalimia.

"Na ukipasukiwa Bungu, saa kumi jioni?"
Sikujibu.
"Bungu kuna duka la sabuni ya mche, chumvi, betri,
na tyubu ya ishirini na sita juu ya msumari.
Ya ishirini na tisa utanipigia mimi, ije na basi la kesho."

Tukahamia kwenye tairi, na hapo ndipo tulipogombana.
Mimi: jembamba, laini, maana njia karibu yote ni lami,
na tairi la meno kwenye lami hulia siku nzima
kama nzi aliyefungiwa chupani.
Yeye: pana, lenye meno, maana ukishavuka daraja la Rufiji
ukaiacha lami, kuna mchanga kama unga wa muhogo,
na tairi jembamba litazama humo na wewe juu yake.
"Ni kipande kifupi tu," nikasema.
"Ndicho cha mwisho," akasema. "Utakifikia umechoka."

Mchagua nazi hupata koroma,
Hizza alimwambia ukuta, si mimi.

Basi. Ishirini na sita.
Mbele pana lenye meno, liusome mchanga,
nyuma lenye mgongo laini, lisilie sana.
Tyubu mbili, viraka, gundi, kipande cha msasa.
Chaurembo akalibonyeza tairi kwa gumba,
akatoa upepo kidogo, akabonyeza tena,
kama anayeonja wali kama umeiva.

Alipokwenda kutafuta chenji
nilichuchumaa, nikatandaza kiganja changu
kati ya ile mistari miwili ya chaki.
Hakikufika. Vilibaki vidole viwili.
Shibiri ilikuwa yake, si yangu.

Sikusema kitu. Nilipokea chenji, nikaihesabu.
Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri,
nitakuwa Kongowe
nikiyasalimia mashimo, moja moja, kwa majina.